Spika za monita za bei nafuu kwa studio ya chumbani: mwongozo kwa walio Mtwara na Lindi

"Ninunue inchi 5 au inchi 8?" "Sabufa niliyonayo sebuleni haifai?" "Mbona wimbo ukipigwa kwangu bezi imejaa, ukipigwa kwenye gari imekimbia yote?" Kila anayeanza kurekodi chumbani, awe Shangani, Masasi, Nachingwea au Kilwa Masoko, huanza na maswali haya matatu. Majibu yamo humu, kwa mpangilio wa kazi yenyewe: kupima chumba, kununua, kufunga na kusikiliza.

Jibu la sabufa tulimalize hapa hapa. Sabufa ya sebuleni imetengenezwa ipendeze masikioni, kwa hiyo inaongeza bezi na ukali wa juu hata kama wimbo wenyewe hauna. Ukimiksia humo utapunguza bezi ukidhani imezidi, na wimbo ukitoka nje unakuwa mkavu. Monita imetengenezwa isiongeze wala kupunguza. Mara ya kwanza itakuvunja moyo, kwa sababu itakuonyesha makosa ambayo sabufa ilikuwa inayafunika. Hiyo ndiyo kazi unayoinunulia.

Andaa haya kwanza

- Tepu ya kupimia chumba.
- Saundi kadi, kile kifaa cha kupitishia sauti kati ya kompyuta na spika, yenye matundu mawili ya kutolea sauti, kushoto na kulia. Kama huna, inunue kabla ya spika.
- Nyimbo nne unazozijua kila pumzi yake, ziwe faili zenye ubora mzuri. Faili za WhatsApp zimekamuliwa, usizitumie kupimia.
- Programu ya simu ya kupima desibeli. Za bure zinatosha.
- Nyaya mbili za kuunganisha spika, zenye urefu sawa. Mita 3 zinafaa vyumba vingi.
- Stebilaiza ya VA 1000 na ekstensheni moja nzima yenye matundu ya pini tatu.
- Matofali 12 ya saruji ya inchi 6, au stendi za chuma.
- Jozi moja ya ndala kuukuu. Matumizi yake utayaona hatua ya 5.

Bajeti igawe mafungu kumi: sita ya spika, mawili ya nyaya na umeme, mawili ya kutuliza chumba. Wengi humaliza yote kumi kwenye spika, halafu wanaziweka juu ya meza tupu kwenye chumba kitupu. Na kama mafungu hayo sita hayafikii monita halisi hata ndogo, nunua hedifoni nzuri iliyofungwa nyuma na uendelee kuweka akiba. Hedifoni nzuri itakusaidia kuliko spika ya bluutuu iliyoandikwa "studio" kwenye boksi.

Hatua ya 1: Pima chumba ndipo uchague inchi

Inchi zinazotajwa ni upana wa wufa, ile koni kubwa. Chumba cha futi 10 kwa 10 au 10 kwa 12, ambacho ndicho wengi wanacho, kinataka inchi 5. Chini ya futi 9, chukua inchi 3.5 au 4. Inchi 8 ziache kwa ukumbi unaozidi futi 15, tena uliotulizwa vizuri.

Hapa ndipo ubishi huwa mkali, kwa hiyo sababu ielezwe. Ukuta wa tofali la saruji hauimezi bezi, unairudisha. Chumba chenye upana wa futi 10 huvimbisha sauti ya takriban 56 Hz (mitetemo 56 kwa sekunde), palepale inapokaa kiki, ile ngoma nzito, ya biti nyingi. Kikiwa mraba, urefu na upana vinavimbisha sauti ileile, na uvimbe unakuwa mara mbili. Ukiingiza inchi 8 humo unalisha kilichoshiba tayari: bezi itanguruma pembeni mwa chumba na pale ulipokaa husikii imeanza wapi wala imeisha wapi. Kwa singeli, yenye mapigo 200 na zaidi kwa dakika, kiki moja haijaisha kulia chumbani na nyingine imeshapigwa.

Wala inchi 5 si dhaifu kama watu wanavyodhani. Kwa vipimo vya watengenezaji, vikihesabu mpaka pale sauti inapokuwa imepungua desibeli 10, Yamaha HS5 inashuka hadi 54 Hz, JBL 305P MkII na KRK Rokit 5 G4 hadi 43 Hz. PreSonus Eris E3.5 inaishia 80 Hz: utamiksi vokali, gitaa na kinanda kwa uhakika, ila mkia wa 808, ile bezi ndefu ya biti za kompyuta, iliyopigwa noti ya E, ambayo ni 41 Hz, hutausikia kabisa. Huo uuangalie kwa hedifoni.

Hatua ya 2: Chukua yenye amplifaya ndani

Kuna spika zenye amplifaya ndani na zisizo nayo. Anayeanza achukue zenye amplifaya ndani, hakuna zaidi. Ukinunua zisizo nayo utatafuta amplifaya inayolingana, na ile ya redio ya zamani ina rangi yake ya sauti.

Wati zisikuchanganye. HS5 ina wati 70 kila moja na kwa anayekaa mita moja mbele yake hizo ni nyingi. Boksi linalojisifu wati 3000 kwa spika unayoibeba kwa mkono mmoja liache hapohapo dukani.

Hatua ya 3: Soma lebo ya umeme kabla ya kutoa hela

Umeme wetu ni volti 230, Hz 50. Geuza spika usome nyuma. Ikiwa imeandikwa 100-240V au 220-240V, endelea. Ikiwa 120V peke yake, imeletwa kwa soko la Marekani, na ukiichomeka kwenye soketi ya hapa utaichoma papo hapo. Nyingine zina kiswichi kidogo cha kuchagua 115 au 230: hakikisha kipo 230 na fyuzi iliyomo ni ile iliyoandikwa kwa 230.

Kosa hili hutokea zaidi kwenye mitumba kutoka nje, ambayo bei yake inashawishi sana.

Hatua ya 4: Kagua na sikiliza dukani

Ukinunua Kariakoo au kwa mtu anayeagiza, uliza kwanza: bei hii ni ya moja au ya jozi? HS5, 305P na Rokit mara nyingi huuzwa moja moja. Eris E3.5 na Mackie CR3-X huuzwa jozi, moja ikiwa na amplifaya na ya pili ikivutiwa waya kutoka kwa mwenzake. Usipouliza, utalinganisha bei ya nusu na bei ya nzima.

Kisha fuata mpangilio huu:

a) Washa bila wimbo, kaa umbali wa mita moja. Mchichizo mdogo kama wa pumzi ni kawaida kwa monita nafuu. Mngurumo au mlio wa kukatakata si kawaida.

b) Piga nyimbo zako nne, kwa sauti ya maongezi tu. Muuzaji atataka kufungulia mpaka mwisho, mwombe apunguze. Spika yoyote ikilia sana hupendeza. Sikiliza vokali: iko katikati kabisa ya spika mbili? Maneno yanasikika bila kuchomachoma kwenye herufi S na SH?

c) Piga sauti ya majaribio inayopanda kutoka 40 Hz hadi 15,000 Hz. Ikifika mahali kasha likatetemeka au koni ikakwaruza, rudisha. Rudia kwa spika ya pili, ukiwa umezima ya kwanza.

d) Pima uzito. HS5 halisi ina kilo 5.3 kila moja. Ukiinyanyua ukaona nyepesi kama boksi tupu, si yenyewe. Namba ya nyuma ya spika ilingane na ya kwenye boksi.

e) Ya mtumba: gusa taratibu ule mpira unaoizunguka koni. Ukiacha unga kidoleni au ukionyesha nyufa, umeoza. Tazama skrubu na matundu ya nyaya. Kutu ya kijani kwenye matundu maana yake imekaa karibu na bahari bila kutunzwa, na itakukatia sauti kila wiki.

Huwezi kwenda Dar es Salaam? Mwambie muuzaji arekodi video moja isiyokatwa: namba za spika, kisha zote mbili zikilia, kisha zikifungwa kwenye boksi. Usimlipe kabla ya kuiona. Kutoka Dar hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 500, na spika mbovu kuirudisha ni gharama ya pili na wiki nyingine ya kusubiri. Kwenye basi, boksi lisimame wima na lisilaliwe na mzigo: mwambie kondakta waziwazi kwamba kuna spika ndani. Boksi na sponji zake usizitupe mpaka dhamana iishe.

Hatua ya 5: Simamisha stendi

Twita, ile koni ndogo ya juu, inatakiwa ilingane na sikio lako ukiwa umekaa. Kwa kiti cha kawaida hiyo ni kama sentimita 110 hadi 120 kutoka sakafuni. Matofali sita ya inchi 6 yakilazwa moja juu ya jingine yanatoa sentimita 90. Weka spika ya inchi 5 juu yake na twita inafika pale pale. Mwambie fundi ayaunge kwa udongo kidogo wa saruji ili yasihame, hasa nyumba yenye watoto.

Sasa zile ndala. Kata vipande vinane vya ukubwa wa kiberiti, uweke vinne chini ya kila spika, kwenye pembe. Vinazuia mtetemo usiingie kwenye stendi au meza. Meza ya mbao iliyo tupu chini inalia kama ngoma, na mlio wake utausikia kama bezi ambayo haimo kwenye wimbo.

Hatua ya 6: Panga spika na kiti

Hatua hii haina gharama na ndiyo inayobadilisha sauti kuliko zote. Mfano ni chumba cha futi 10 kwa 12, yaani mita 3.05 kwa 3.66.

1. Tazama ukuta mfupi, ule wa futi 10. Chumba kirefu kibaki nyuma yako.
2. Weka kiti ili kichwa chako kiwe mita 1.39 kutoka ukuta wa mbele. Hiyo ni asilimia 38 ya urefu. Usikae katikati kabisa ya chumba, maana pale bezi inakufa, wala usiegemee ukuta wa nyuma, ambako inavimba.
3. Tenganisha spika kwa mita 1, twita hadi twita. Kila twita iwe mita 1 kutoka kichwani. Hiyo ni pembetatu ya pande sawa.
4. Uso wa spika utakuwa sentimita 52 kutoka ukutani, na kisogo chake kama sentimita 30. Umbali huo unazitosha hata zenye tundu la bezi nyuma, kama HS5 na 305P.
5. Kutoka kila twita hadi ukuta wa pembeni iwe sawa kushoto na kulia, kama mita 1.02. Pima kwa tepu, usikadirie kwa jicho.
6. Zielekeze spika kichwani kwako.

Kama chumba ni kifupi na kisogo cha spika lazima kikaribie ukuta, nunua yenye tundu la bezi mbele, kama Rokit 5 G4. Na spika usizilaze ubavu. Zimetengenezwa zisimame.

Kosa linaloonekana sana: spika moja iko kwenye kona ya chumba na nyingine karibu na mlango. Ya konani itavimba bezi, na utaikuta miksi yako inaegemea upande mmoja bila kujua sababu.

Hatua ya 7: Unganisha na uwashe kwa mpangilio

Tumia jeki yenye pete mbili nyeusi, au ya pini tatu kama ya maiki, kama saundi kadi yako inatoa sauti ya balansi. Waya wa aina hiyo unaua mvumo njiani. Jeki ya pete moja nyeusi itafanya kazi, lakini hailindi. RCA, zile nyekundu na nyeupe za deki, zitumie tu kama huna njia nyingine.

Usichomoe sauti kwenye tundu la hedifoni la laptopi ukaipeleka kwa jeki moja kwenye spika moja ya balansi. Spika itaondoa upande mmoja wa stereo kutoka kwa mwingine, na kila kilicho katikati kitafutika: vokali, kiki na bezi. Watu hudhani spika ni mbovu, kumbe ni waya.

Saundi kadi, laptopi na spika zote ziwe kwenye ekstensheni moja, na ekstensheni iwe kwenye stebilaiza. Kuwasha: laptopi, saundi kadi, spika mwisho. Kuzima: spika kwanza. Ukibadili mpangilio, mshtuko unaopiga "pua!" unachosha twita. Umeme ukikatika, zima swichi za spika mara moja. Ukirudi, subiri dakika mbili tatu utulie ndipo uwashe.

Hatua ya 8: Sawazisha

Kitufe cha sauti nyuma ya kila spika kiweke nusu, na vyote viwili viwe sawa. Cheza mvumo wa majaribio (pink noise), ule unaosikika kama mvua juu ya bati, kwa spika moja. Simu ikiwa mahali pa kichwa chako, pandisha saundi kadi hadi desibeli 72. Zima hiyo, washa ya pili: nayo isome 72. Ikitofautiana, rekebisha nyuma ya spika. Zikilia pamoja utapata karibu 75, na hicho ndicho kiwango cha kumiksia. Weka alama ya tepu kwenye kitufe cha saundi kadi ili urudi hapo kila siku.

Swichi za nyuma ziache sifuri mpaka usikilize wiki nzima. Kama spika ziko karibu na ukuta na bezi imezidi, HS5 ina ROOM CONTROL ya kupunguza desibeli 2 au 4, na 305P MkII ina yake ya 1.5 au 3. Anza na ndogo.

Hatua ya 9: Tuliza chumba kwa vya hapahapa

Trei za mayai hazisaidii. Zinakata kidogo ukali wa juu na kuiacha bezi ilivyo, kwa hiyo chumba kinakuwa kizito zaidi. Kinachofanya kazi ni unene. Mwambie seremala atengeneze fremu nne za sentimita 60 kwa 120, kina sentimita 10. Jaza usufi uliotapanywa usijikunje, au vipande vya godoro kuukuu. Funika kwa kanga au gunia la juti la korosho lililofuliwa na kukauka kabisa. Nailoni usitumie, haipitishi hewa.

Mbili za kwanza ni za kuta za pembeni. Kaa kitini, mwenzako apitishe kioo ukutani. Pale unapoiona twita ndani ya kioo, fremu inakaa hapo. Mbili zilizobaki zisimamishe kwenye kona za mbele, nyuma ya spika. Usufi unashika moto haraka sana, kwa hiyo hakuna mshumaa wala sigara humo ndani, na waya wa umeme usipite nyuma ya fremu.

Siku ya mvua kubwa usimiksi. Bati linalia masafa yaleyale ya matoazi na S za vokali, nawe utayapandisha mno.

Hatua ya 10: Zoesha sikio

Kwa siku saba sikiliza nyimbo za watu tu, saa moja kila siku, kwa kiwango kilekile. Mpaka ujue kiki ya wimbo uupendao inasikikaje kwenye chumba chako, huna cha kupimia ya kwako. Ukirekodi ngoma za sindimba, tafuta rekodi moja nzuri ya ngoma halisi uiweke kwenye orodha, kwa sababu kiki ya kompyuta haikufundishi ngozi inavyolia.

Matatizo na tiba zake

*Mvumo mzito usiokoma.* Ni umeme unaozunguka kupitia nyaya za erthi. Chomoa chaja ya laptopi kwa muda. Ukiisha, chanzo ni chaja: tumia nyaya za balansi na ekstensheni moja. Usikate pini ya erthi kamwe, ndiyo inayokulinda usipigwe na umeme. Kama nyumba yenyewe haina erthi, mwite fundi umeme aichimbie.

*Mlio kama wa mbu unaobadilika ukisogeza mausi.* Unatoka kwenye USB ya laptopi. Badili tundu, na usitumie kigawanyio cha USB kwa saundi kadi.

*Tititi-tititi kila baada ya muda.* Ni simu yako. Isogeze mita mbili.

*Mchichizo mkubwa.* Spika imefunguliwa sana na saundi kadi kidogo. Geuza: pandisha saundi kadi, punguza spika. Kama kuna swichi ya +4 na -10, tumia +4 kwa waya wa balansi.

*Upande mmoja kimya.* Badilishana nyaya za kushoto na kulia nyuma ya spika. Ukimya ukihamia upande wa pili, kosa ni waya au saundi kadi. Ukibaki palepale, kosa ni spika.

*Bezi hafifu na vokali haikai katikati.* Kwa zile za jozi zinazounganishwa kwa waya, angalia nyekundu imeingia kwenye nyekundu na nyeusi kwenye nyeusi. Zikipishana, koni moja inasukuma wakati nyingine inavuta.

*Spika zinazimika zenyewe jioni.* Ikiwa ni baada ya kimya kirefu, baadhi ya modeli hujilaza. Ikiwa ni katikati ya wimbo, volti imeshuka: tazama namba kwenye stebilaiza.

*Miksi nzuri kwako, bezi haba kwenye gari.* Chumba bado kinavimbisha. Rudi hatua ya 6 upime upya, kisha ongeza unene kwenye kona.

*Mkwaruzo mpya kwenye spika iliyokuwa nzima.* Mulika tochi kwenye tundu la bezi. Mende na mijusi hupenda joto la mle. Ukimaliza kazi, zima, subiri ipoe, ufunike spika kwa kitambaa cha pamba. Kitambaa hichohicho kinazuia chumvi ya hewa ya bahari. Matundu ya nyaya yafute kwa kitambaa kikavu kila mwezi, na ukiwa Mikindani, Lindi mjini au popote unaposikia mawimbi, kila wiki mbili.